Kwetu, Kwenu

Askofu Whitcombe (Witikomu, kwa ndimi za Masasi)
alishuka Lindi na mizigo arobaini,
kengele imeviringwa blanketi kama mtoto mwenye homa,
na Kiswahili cha kitabuni.

Alijenga kanisa la miti, mchwa wakalila.
Akajenga la matofali mabichi, masika yakalibeba.
La tatu, la mawe, lingali limesimama,
ila jua la jioni humpiga padri machoni
kwa kuwa hakutaka kumsikiliza fundi Nachinguru.
Aliwaandikia wakubwa wake: leteni kwinini.
Wakaleta vitabu vya nyimbo.

Jambo moja lilimshinda miaka kumi na tisa:
kwetu na kwenu.
Akifika mlangoni kwa Abiti Namwewe husema, "Karibuni kwetu!"
naye, mikono ingali na unga wa muhogo,
humjibu, "Ahsante, nimeshakaribia."
Mimbarini alijipiga kifua: "Mbinguni ndiko kwenu!"
Watu wakaitika Amina, wakijua alichokusudia,
au wakidhani wanajua.

Kisha homa ya mkojo mweusi.
Wakamlaza kwenye machela, watu wanane,
babu wa babu yangu, Namkopa, mbele kulia,
wakaufuata mto Lukuledi kuteremka pwani
ilikomngoja meli ya Uingereza.
Siku ya sita, upepo umeanza kuonja chumvi,
alifumbua macho akasema, wazi, kama asomaye somo:
"Nirudisheni kwenu."

Machela ikawekwa chini.
Mmoja akasema, amekosea kama kawaida yake, ana maana kwao.
Mwingine, siku ya kufa ulimi haukosei.
Walibishana hadi ming'oko ikaiva chunguni,
wakamenya, wakala, hakuna aliyeshinda.
Namkopa akafuta mikono mapajani,
akazunguka upande wa pili,
akainua.

Yuko hapa nyuma ya kanisa,
chini ya jiwe lenye tarehe mbili na herufi moja iliyokosewa.
Mimi ndiye nifagiaye majani ya mkorosho.
Juzi walikuja vitukuu wa nduguye, shingo nyekundu kwa jua,
wakataka kujua kama kweli aliomba kuzikwa huku.
Nilikuwa bado natafuta jibu
mmoja wao, binti, alipofungua geti la makaburi,
akanishika mkono kwa furaha, akasema,
"Karibu kwetu."

Sikumsahihisha.
Niliegemeza fagio ukutani, nikaingia.