Jalada Langu Liko Pangoni

Siku niliyotoka walinipa keki,
kadi yenye sahihi kumi na moja
na mkoba wa turubai wenye nembo ya idara.
Funguo nilirudisha. Beji nilirudisha.
Kihesabio changu cha chuma kikabaki mezani
kama jino lililong'olewa.

Miaka kumi na tisa nilikaa tumboni mwa bwawa
mbele ya dirisha la kioo kinene,
nikihesabu samoni wanaopanda Mto Columbia.
Mmoja, nabonyeza. Mmoja, nabonyeza.
Dakika hamsini za macho, kumi za kahawa.

Sasa watu wa pensheni wanasema ni kumi na saba.
Viangazi viwili vya mwanzo, vya ujana, havionekani.
Nikampigia Brantley wa ofisi ya utumishi,
kijana aliyekula keki yangu vipande viwili.
Akasema kwa upole: Bi Tollefsrud, ukishatoka
sisi hatukuoni tena. Jalada limehamia Illinois.
Illinois wapi?
Pangoni.

Nilidhani ananitania. Kumbe
kuna kilima cha chokaa kilichochimbwa mawe kikabaki kitupu,
na humo ndani, kwenye ubaridi usiobadilika,
tumepangwa sisi tuliotoka:
wapima mvua, wasambaza barua, wakaguzi wa nyama,
rafu juu ya rafu, bega kwa bega,
na wengine hata hatujafa.

Asiyekuwepo na lake halipo?
Langu lipo. Mimi ndiye sipo.

Nikaandika barua. Walitaka jina nililotumia kazini;
nikaweka yote mawili, la kwetu na la Gunnar
aliyekwenda zake mwaka wangu wa nane.
Tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ya kutoka.
Na sahihi ya mkono, ya wino.
Nilijaribu kwanza mara tatu juu ya bahasha kuukuu,
mkono umesahau mkia wa T.

Wiki tisa.
Theluji ikaja, ikaondoka,
ikarudi kuchukua ilichosahau.

Kisha kurasa sitini na moja.
Viangazi vyangu vipo! Ukurasa wa nne na wa tano,
dola na senti, na jina la usichana limepigwa chapa kombo.
Kiinua mgongo kitanyooka kidogo;
mgongo wenyewe, hapana.

Ningefunga hapo. Lakini nani hupewa maisha yake
yamebanwa kwa pini, akaacha kuyasoma?
Nikasoma saa za ugonjwa. Mimba ile,
humu ni saa arobaini.
Nikamsoma Quillan, msimamizi wangu, marehemu sasa,
asiyewahi kunisifu hata kwa kikohozi:
"Huchelewa. Hanyamazi.
Hesabu yake haijawahi kuwa na kosa."

Hesabu yangu.

Usiku mmoja wa Septemba, zamu ya pili, nililala.
Saa nzima, paji la uso kwenye kioo.
Nilipozinduka mto ulikuwa umepita na wake,
nami nikaandika mia mbili na kumi na wawili,
kwa kuwa saa ya kabla ilikuwa mia mbili na tisa
na uongo mzuri hupanga nyumba jirani na ukweli.
Samaki wale hawajaogelea popote
ila vitabuni mwa serikali.

Chini kabisa ya barua, kwa herufi za chawa:
una haki ya kuomba lisilo sahihi lirekebishwe.
Taja ukurasa, eleza kosa, ambatanisha ushahidi.

Kalamu ninayo. Ushahidi ni mimi.
Nimeandika thelathini na nane, ndio ukurasa wenyewe,
kisha nikainuka kuweka birika,
na birika limeshachemka, limeshapoa,
na mvua imeanza juu ya bati la gereji,
tone, tone,
na kidole gumba changu, juu ya meza tupu,
kinabonyeza.