Kipande Nambari 41

Kazi yangu hapa Tacloban ni kukata maini.
Leo nimekata la Tiyo Macario,
jembamba kama ganda la kitunguu,
nikalitia rangi mbili, zambarau na waridi,
nikalisukuma chini ya lenzi.

Yeye mwenyewe yuko wodi ya tatu,
tumbo limejaa maji, limekaza kama ngoma,
anauliza nani amemfungulia nyati.

Miaka arubaini alisimama kwenye tope la mpunga.
Konokono wa pale ni mdogo, ukimwona utadhani ni punje.
Alichokitema kilikuwa na mkia wa panda,
kilipiga hodi kwenye ngozi ya mguu,
hakikungoja karibu.

Ndani ya mishipa wakaoana:
mume kamfunika mke katika mfereji wa mwili wake,
hawakuachana miaka na miaka.
(Ndoa ngapi za Palo zimedumu hivyo?)
Mke akataga, akataga.
Mayai mengine yalipata njia ya kutoka,
mengine yakachukuliwa na mkondo wa damu
yakakwama hapa, ninapotazama.

Hili hapa yai, limekauka, limepauka.
Na hawa hapa walinzi:
chembe zenye punje nyekundu, zimesongamana kama watu msibani;
walaji wakubwa, wameungana hadi wamekuwa jitu moja
lenye viini tisa, nimehesabu;
nyuma yao mafundi wa nyuzi,
duara juu ya duara,
ukuta juu ya ukuta.

Hawakukosea. Yai linavuja sumu,
lisipozungushiwa, ini lingeoza mapema.
Ila mwizi mwenyewe ameketi sebuleni
amevaa nguo za mwenye nyumba
na mbwa hawambwekei.

Vidonge alimeza, mwaka ule wa kampeni,
vile vikubwa vichungu. Minyoo ikafa.
Askari wakapungua, wakatulizwa na wenzao
wenye kazi ya kusema basi, inatosha.
Mafundi hawakupata habari.
Wakaendelea kujenga,
mpaka damu ikakosa pa kupita
ikapasua njia kooni.

Nanay Pacing yuko dirishani, risiti mkononi.
"Kwa nini mwili wake haukumtetea?"
Ulimtetea, Nanay.
Nusu ya ini hili ni utetezi.
Sikusema. Nilimwambia daktari atamwita saa nane.

Naandika: kovu, daraja la juu; mayai, mengi, ya zamani.
Kalamu inakwama kwenye neno zamani.

Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya shamba lake.
Tulivuka tukiwa tumeshika viatu mkononi
visije vikachafuka,
na jioni tulijikuna vifundo, tukicheka,
tukilaumu nyasi.

Nagusa ubavu wa kulia.
Hapaumi. Ini halina desturi ya kulalamika.
Nachukua kichupa kitupu, nabandika karatasi,
naandika jina langu kwa herufi ndogo.