Kidole Nje

Siku ya kwanza hatukupewa bunduki.
Tulipewa mipini ya fagio, watu wazima sita,
kwenye machimbo makuu ya mawe, Bamburi,
na Bi Mwanashee, mstaafu wa ghala la silaha,
akatupanga msitari kama watoto wa chuo.

"Kidole nje!"
Mimi sonara wa Kibokoni, duka limevunjwa mara mbili,
vidole vimezoea kushika kisichoonekana.
Nikacheka. Mpini wa ufagio una dhambi gani?
"Una risasi," akasema,
"mpaka uufungue mwenyewe uone hauna.
Na ukimpa mwenzio, naye aufungue,
asikuamini. Hapa kuaminiana ni msiba."

Juma la tatu, chuma chenyewe:
kizito, kinanuka mafuta ya cherehani.
Mdomo uelekee ukuta wa mawe,
si mguu, si jirani, wala si mawinguni:
"Iliyopanda itashuka, na chini kuna watu."
Nilifyatua mara tano.
Sikumbuki nilipopiga.
Nakumbuka kunguru, hawakurudi hadi alasiri.

Kisha Idi. Makadara, bembea, achari za maembe.
Mpwa wangu Mbwarali na bastola ya plastiki, nyekundu,
akamlenga muuza kahawa: "Pa!"
Yule bwana akajifia vizuri sana,
dele mkononi, tone halikumwagika.
Watu wakaangua kicheko,
nami nikacheka;
ila ndani ya mfuko wa kanzu
kidole changu cha shahada
kilikuwa kimeshajinyoosha chenyewe.