Fundi Mwenzangu

Saa kumi na moja alfajiri Katuba bado imelala.
Nimekaa ukingoni mwa kitanda, njaa yangu pembeni
kama mtoto aliyeambiwa leo hatutasafiri naye.

Mwezi uliopita mizani ya zahanati iligota mia na thelathini,
mshale ukagonga ukuta wake, ukatetemeka, ukakata tamaa.
Mama Kabedi akanipeleka depo ya mahindi, mtaa wa Kenya,
nikapanda pale walipoteremsha gunia.
Karani hakucheka. Alilamba kalamu, akaandika
mia na arobaini na saba,
kisha kwa mazoea akauliza: "Ya nani hii?"
Yangu, nikasema. Yangu yote.

Mimi ni mshonaji. Futi yangu ina sentimita mia na hamsini
na kiunoni kwangu ncha zake mbili hazijasalimiana
tangu mtoto wa tatu.
Waliniita Mama Munene, wakimaanisha heri:
mume analisha, nyumba ina unga.
Magoti hayakuulizwa.
Wala sukari iliyokuwa ikinitembelea usiku, ikinizimia vidole.

Sare za harusi mia na kumi,
likelemba mbili, kipande cha shamba kule Kasenga:
hiyo ndiyo bei ya asubuhi hii.

Pete ikakataa kutoka. Muuguzi Mwenze akapaka sabuni,
akapaka vaselini, akavuta mpaka akaniomba radhi.
"Tuikate?"
Kabulo wangu akatazama dirishani,
bomba refu la kiwanda, na kando yake
mlima mweusi wa mavi ya shaba.
"Nilipokuwa mdogo ulikuwa mkubwa kuliko hivi," akasema.
"Malori yameula."
Sijui alikuwa akimjibu nani.
Ifungeni plasta, nikasema. Vidole vitapungua vyenyewe.

Dokta Mukalay akanichora kwa wino juu ya ngozi,
mstari wa kukatia. Mkono wake hautetemeki; hilo nilikagua.
"Tumbo litabaki jembamba, mama, kama mkono wa blauzi."
Mkono mrefu au mfupi?
Alicheka. Mimi nilikuwa nauliza kweli.
Unashona kwa uzi gani?
"Vipini vya chuma, vidogo sana. Vinabaki humo humo."
Kwangu mimi pini hutolewa kabla mteja hajavaa,
lakini nikanyamaza: fundi hasahihishwi
mkasi ukiwa tayari mkononi.
Na kipande kinachobaki?
Maana kwangu vipande huwa mito,
huwa kofia ya kichanga, huwa kiraka cha mtu asiye na hela.
Hilo hakulijibu.

Nikiwa mezani, umeme ukakatika.
Giza, na ndani ya giza watu watano wakipumua
na mimi wa sita, mzito kuliko wote.
Uani jenereta ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika.
"Hesabu, mama, kurudi nyuma."
Kumi. Tisa. Nane.
Saba sikuiona.

Nimeamka koo limepigwa msasa.
Matundu matano tumboni, madogo, kama ya vifungo;
nakiri, yameshonwa vizuri.
Jioni Mwenze kaniletea maji kiasi cha kujaza subana:
"Yanywe kwa nusu saa."
Nikayanywa kama mtu anayesoma barua.

Kitanda cha jirani wakafunua bukari,
sombe, samaki wa Mweru aliyekaushwa kwa chumvi.
Mvuke ukavuka pazia, ukanijua, ukaja moja kwa moja.
Nikaiita njaa yangu, kama kila jioni.
Haikuitika.
Nikaiita tena, taratibu.
Miaka arobaini na mitatu tumekula sahani moja,
siku za mshahara, na siku kiwanda kilipokuwa hakilipi
tukalala tumeshikana mikono,
na leo imeondoka bila kuaga, sijui kwa mlango gani.

"Unaumwa wapi, mama?" Mwenze akauliza, aliponiona nalia.
Nikamwonyesha bandeji,
kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.