Vigingi vya Mulemba

Katika ramani ya komini, nyuma ya mlango wa Bwana Kabwiz,
sisi wa Katuba ni doa la kijani, dogo kama ukucha.
Aliyelipaka rangi hakuwahi kufagia hapa.
Hakukijua kichuguu kinachoipita nyumba ya Mama Chola kwa urefu,
wala vumbi jekundu la mwezi wa nane
linaloingia hata ndani ya chumvi.

Mimi ndiye mwenye ufunguo wa bomba.
Sikupigiwa kura. Ulikuwa wa marehemu mume wangu;
matanga yalipokwisha walinitazama shingoni,
wakauona, wakaenda zao.

Usidhani kijani ni kitu cha utulivu.
Asubuhi ni ya wenye kuanika muhogo,
saa tisa ni ya mpira, na mpira haujui unga.
Jioni wanafunzi wa mtihani wa serikali
wanazunguka na madaftari, wakinong'ona kama wagonjwa wa homa.
Usiku ni wa waombaji, nao Mungu wao ni mzito wa kusikia.
Msiba ukitokea, kila mmoja anaondoa chake,
turubai linafungwa,
siku tatu hatugombani.

Tuliandika sheria juu ya karatasi ya mfuko wa saruji:
mbuzi wafungwe, taka zisichomwe, salongo ni Jumamosi.
Mbuzi wa Musau alizila sheria zote kabla ya Jumapili.
Tukaandika tena, juu zaidi.

Mwezi wa tisa akaja mtu mwenye viatu vyeupe,
karatasi yake ina mihuri mitatu.
"Hapa ni patupu," alisema.
Patupu! Watoto kama thelathini walikuwa wakimtazama,
na kuku mmoja.
Vijana wake wakakata matawi mabichi ya mulemba kule mtoni,
wakachonga vigingi ishirini na viwili,
wakavigongelea kwa nyundo, mmoja baada ya mwingine,
hadi ukoko wa bukari ukadondoka sufuriani mwangu.

Tulikwenda komini, watu wa avenyu nne.
Bwana Kabwiz akafunga mlango ili tuione ramani.
Akaitazama sana, akavua miwani.
"Jua limeipausha," alisema. "Hii sasa ni kama njano.
Na njano," akaugusa ukuta kwa kidole, "ni makazi."

Basi parseli ya kwanza ikajengwa.
Ni duka la dawa. Sitadanganya:
mjukuu wangu alipotetemeka kwa malaria
ndipo nilipobisha hodi usiku, na wakanifungulia.

Kisha mvua.
Kumbikumbi walitoka kichuguuni kama moshi,
watoto wakawakimbilia na mabeseni,
nami nikaenda kufungua bomba, nikaona
kigingi cha saba kina majani mawili,
madogo, kama masikio ya panya.

Sikumwambia mtu.
Mulemba ndio mti waliouchomeka babu zetu
kabla ya kujenga kijiji; ukikubali, wanakaa,
ukikataa, wanabeba mikeka yao.
Kiangazi kiliporudi nilivinywesha gizani, kopo moja kila kimoja,
maji ambayo hayamo katika daftari la bomba.
Mama Chola aliniona. Usiku wa pili akaja na ndoo yake.

Vitatu viling'olewa na duka la dawa, vinne vilioza.
Vilivyobaki leo vinanipita kimo.
Mwenye viatu vyeupe alirudi kutafuta mipaka yake,
akauliza vigingi vimekwenda wapi.
Watoto wakamwonyesha: hiki hapa, na kile pale
kilichofungiwa mbuzi.
Akasimama kivulini kufikiri. Jua lilikuwa kali,
alikaa kitambo kirefu.

Kesi ingali mahakamani.
Sheria ziko juu zaidi, mbuzi naye amekua.
Leo zamu ya kufagia ni ya avenyu ya Ngoie.
Saa mbili imepita.
Sijaona mtu.