Kipimo cha Mejumaa

Muheza, Jumanne, saa mbili na robo.
Umeme umekatika, umerudi, jokofu la chanjo linakohoa.
Mwantumu Shekalaghe ametua tenga la machungwa mlangoni,
ananiuliza swali lile lile la miaka mitano:
"Mtoto wa jirani alichomwa tatu. Wangu mbili.
Mlimpunja, hamkumpunja?"

Sikumjibu upesi.
Muuza machungwa humdanganyi kwa neno kipimo.
Anayajua mafungu yaliyojazwa majani chini,
anakijua kidole kinachoegemea mizani.

Mejumaa alikuwa na wiki sita,
paja lake halijazi kiganja.
Alilia, akakoma, akalala.
Nikaandika kwenye kadi, kwa kalamu inayovuja,
tarehe, na namba ya kichupa.
Akarudi ana miezi tisa na meno mawili,
akaniuma.
Basi, tukaishia hapo.
Ya tatu hatukumpa kwa makusudi, na mama alitia sahihi:
tulitaka kujua kama kidogo kinatosha.

Leo jino la mbele limeng'oka.
Hanikumbuki.
Nimemtoa damu kijiko kimoja,
kijiko kimoja, Mwantumu, wallahi,
na amenikazia macho kama mtu anayedai chenji.

Sahani ya maabara ina visima tisini na sita,
hakuna hata kimoja cha kumzamisha siafu.
Nikadondosha, nikangoja rangi.
Ikaja njano hafifu, ya chai ya mgonjwa.
Kingamwili zilikuwa chache.
Nilitarajia; hizo ndizo ule msemo wetu wa Tanga,
waja leo, waondoka leo:
huja na shamrashamra baada ya sindano,
hula, hunywa, huaga.
Hata hivyo nilikaa kitini muda mrefu
bila kuvua glavu.

Zikabaki seli.
Tulizitenga, tukazilisha, tukaziweka penye joto la mwili,
kisha tukazionyesha ganda la kijidudu cha kichomi,
ganda tupu, mwenyewe hayumo.
Siku ya sita nikainamia darubini.
Doa.
Doa jingine, pembeni.
Nikahesabu kumi na saba. Nikarudia: kumi na sita.
Kila doa ni seli moja iliyosema, wewe nakujua.
Nani aliifundisha? Mwenye paja alikuwa amelala.
Hizi haziagi. Zimepanga chumba ndani ya uboho,
hazipigi kelele, kodi hazidaiwi,
zimekaa miaka mitano zikiitunza sura
ya adui ambaye hawajawahi kukutana naye.

Kwa aina moja ya kijidudu, kisima kilibaki cheupe.
Sijui kwa nini. Nimeandika hivyo hivyo.

Nikamwambia Mwantumu yote, na cheupe kile nikamwambia.
Nikasema mtoto mmoja si jibu,
wako wengine mia mbili na kumi, bado nahesabu.
Akachagua chungwa, akalipima kwa mkono,
akalirudisha, akachukua kubwa zaidi.
"Shika. Ukimaliza kuhesabu watoto wa watu
uje uniambie kwa mdomo wako. Usinitumie karatasi."

Nje, Mejumaa akakohoa.
Tukanyamaza sote wawili, masikio wima.
Akakohoa tena.
Kisha akacheka: maji ya chungwa
yalikuwa yamempalia.