Kamba Mguuni

Niliwanunua wanne, Jumamosi, mnadani Siemiatycze,
theluji ya Machi imeshakuwa uji mweusi chini ya viatu.
Muuzaji alikuwa na glovu zisizo na vidole
na mdomo usio na breki.
"Buheri wa afya, mama, buheri wa afya!"
akawatia kwenye boksi la ndizi,
akalifunga kwa kamba ya katani,
akanipunguzia zloti tano nisizoziomba.
Hapo ndipo ningeshtuka.

Njiani mmoja alipiga chafya.
Nikasema: vumbi.
Mtu akishalipa, masikio yake huwa wakili wa pochi.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Mimi nikaikata kamba, nikaitupia msumarini,
nikawafungulia banda lilelile la wale sita wangu wa zamani,
waliozoea kunila mkononi.
Kulikuwa na kibanda kitupu nyuma ya ghala.
Kilihitaji bawaba moja tu.

Usiku wa tatu nikasikia birika
likikaribia kuchemka, lisichemke.
Kalina alitangulia na tochi,
miaka tisa, koti juu ya nguo za kulalia,
pampu yake ya pumu mfukoni.
Akamwinua yule mweupe, akamlaza sikio mgongoni,
akanyamaza kama fundi anayesikiliza injini.
"Mama, huyu anapumua kama mimi."

Asubuhi jicho la mweupe lilikuwa limevimba,
povu pembeni, kama sabuni iliyosahauliwa.
Kamasi puani. Mdomo wazi.
Na Baśka wangu, kuku wa miaka minne,
mkongwe asiyewahi kukosa yai,
akatikisa kichwa mara mbili, akakohoa.

Daktari Dobrosława hakuvua koti.
Alifunua vidomo, akanusa matandiko,
akanitazama mimi kuliko alivyowatazama kuku.
"Dawa kwenye maji, siku tano. Mayai mtupe mpaka niseme.
Fungua kile kidirisha cha juu, mkojo wao unawachoma mapafu.
Watapona, wengine.
Lakini ugonjwa hautoki, unalala humo,
moto chini ya majivu.
Ama wachinje wote uanze upya,
ama funga lango: asiingie kuku, asitoke kuku."
Kalina akauliza, "Na wangu? Nao umelala tu?"
Daktari akawa na kazi nyingi ya kufunga mkoba.

Hatukuchinja.
Tulikoleza jiko, tukaosha macho kwa maji ya chumvi vuguvugu,
jicho baada ya jicho, pamba baada ya pamba,
tukazoa matandiko yaliyonuka mpaka machozi.
Mweupe alikufa Alhamisi.
Ardhi ilikuwa bado jiwe, jembe likaruka,
ikabidi angoje siku mbili ndani ya ndoo yenye kifuniko,
na kila nilipopita niliiomba radhi ndoo.
Baśka alikula Ijumaa. Punje tatu. Nilizihesabu.

Mwezi wa tano walikuwa waking'aa kama shaba iliyosuguliwa.
Pelagia akaja na kikapu, na pesa mkononi tayari,
anataka wawili, kwa bei nisiyoithubutu.
"Wazima lakini?"
Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.
Buheri. Jepesi sana kulitamka,
halina hata mfupa wa kukukwama kooni.
Nikamwambia yote: chafya, povu, ndoo.
Alinisikiliza kama mtu anayenyimwa kwa uchoyo.
"Ungesema tu hutaki kuuza," akasema,
akaondoka, kikapu kikimpiga gotini.

Nikaenda kwenye msumari, nikaichukua ile kamba ya katani,
nikafunga nayo lango, mafundo mawili.

Usiku mmoja wao alipiga chafya.
Tulikuwa macho, mimi na Kalina, kila mtu kitandani kwake,
tukingoja ya pili.